James Prescott Joule, Mtunza Daftari la Nishati

Kila mwanafunzi wa sayansi hukutana na jina la Joule kabla hajajua kwamba lilikuwa jina la mtu. Hulikuta katika kitabu cha fizikia, hulikuta katika mtihani, na siku hizi hulikuta hata ubavuni mwa pakiti ya biskuti, pale palipoandikwa kiasi cha nishati iliyomo katika chakula. Joule ni kipimo cha nishati, kama vile mita ilivyo kipimo cha urefu. Lakini kabla ya jina hilo kuwa kipimo lilikuwa la mtu mwenye haya nyingi, mwana wa mtengenezaji bia, ambaye hakusoma chuo kikuu wala hakupata kuwa profesa maisha yake yote.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya biashara, lakini neno hilo lafaa sana kwa nishati, yaani ule uwezo wa kufanya kazi uliomo katika moto, katika maji yanayoanguka, katika mvuke na katika miili yetu. Kabla ya Joule nishati ilikuwa kama duka lisilo na daftari. Ilionekana kwamba nyingine hupotea, nyingine hutokea bure, na watu hawakujua ilikokwenda. Joule alifungua daftari hilo akaandika ndani yake tarakimu za kweli. Kisha, pamoja na rafiki yake, alifika mahali pagumu zaidi: namna ya kutunza hesabu wakati kitu chenye nishati hakitulii chomboni, bali hupita, kikiingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Vitabu vingi vya shule hupita mbio juu ya kazi hiyo, nasi hapa tutakaa nayo kidogo.

UTOTO NA MASOMO

James Prescott Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika mji wa Salford, ulio kando ya Manchester, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili na mgongo wake ulimsumbua, kwa hiyo alifundishwa nyumbani. Mwaka 1834 yeye na kaka yake Benjamin walipelekwa kusoma kwa mzee John Dalton mjini Manchester, yule yule aliyewaeleza walimwengu habari za atomu. Huenda vijana wale walitazamia kuonyeshwa maajabu ya kemia siku ya kwanza. Sivyo. Dalton aliwashika kwa hesabu na jiometri muda wa miaka miwili hivi, na mwaka 1837 mwalimu akapatwa na kiharusi, masomo yakakoma. Lakini Joule alikuwa amekwisha kupata alichokihitaji, yaani mazoea ya kupima kwa uangalifu na kutoridhika na jibu la karibu karibu.

Msidhani kwamba alikuwa kijana mpole asiyejua utundu. Inasimuliwa kwamba siku moja, akitaka kusikia mwangwi mkubwa ziwani, alijaza bastola baruti mara tatu ya kiasi chake. Ilipolia ilimruka mkononi ikazama majini. Mara nyingine baruti ilimwunguza nyusi. Alipona, na tangu hapo majaribio yake yakawa ya vipimajoto zaidi kuliko ya bastola.

Alipokua alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake. Kiwanda cha bia ni mahali pa kupita vitu. Maji, shayiri na makaa ya mawe huingia. Bia, makapi, moshi na mvuke hutoka. Mwenye kiwanda asiyejua kilichoingia na kilichotoka hawezi kujua faida yake. Tena ni mahali ambapo digrii chache za joto zaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Mtu aliyekulia humo hujifunza mambo mawili bila kuambiwa: kuandika kila kitu daftarini, na kusoma kipimajoto vizuri.

MAKAA YA MAWE NA ZINKI

Mnamo mwaka 1838 Joule alianza majaribio yake mwenyewe katika nyumba ya baba yake, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake. Wakati ule mota ya umeme ilikuwa kitu kipya, na watu walitumaini kwamba ingeishinda injini ya mvuke na kutoa kazi karibu bure. Joule naye alikuwa na tumaini hilo. Basi akafanya kile ambacho mwana wa mwenye kiwanda angefanya: akapiga hesabu ya gharama. Betri za siku zile zilikula madini ya zinki kama tanuri linavyokula makaa. Akaona kwamba ratili moja ya makaa ya mawe, katika injini nzuri, ilifanya kazi karibu mara tano ya ratili moja ya zinki katika betri. Tena zinki ilikuwa ghali zaidi. Ndoto ikaisha.

Lakini hakuondoka mikono mitupu. Katika kuchunguza mota zile alitambua mwaka 1840 kwamba waya upitao umeme hupata moto kwa kanuni maalum: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne, mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Kanuni hiyo hufundishwa mpaka leo kwa jina lake, na pasi yoyote ya umeme huifuata. Ndipo swali likamwingia moyoni: joto hili latoka wapi? Je, limehama kutoka mahali pengine, au limefanyizwa pale pale?

KINU CHA MAJI NA INJINI YA MVUKE

Ili tuone uzito wa swali hilo, yatupasa tujue watu wa wakati wake waliamini nini. Wataalamu wengi walidhani kwamba joto ni kitu, kama maji membamba yasiyoonekana wala kupimika kwa mizani, nacho kikaitwa kaloriki. Kaloriki, walisema, haiwezi kufanyizwa wala kuharibiwa. Huhama tu kutoka kitu cha moto kwenda kitu baridi. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot, katika kitabu chake cha mwaka 1824, alilinganisha injini ya mvuke na kinu cha maji. Maji hushuka kutoka juu, huzungusha gurudumu, kisha hutoka chini kwa kiasi kile kile kilichoingia. Vivyo hivyo joto lilidhaniwa kuingia katika injini kutoka tanurini, kufanya kazi, na kutoka lote upande wa baridi bila kupungua hata kidogo.

Joule alikataa sehemu hiyo ya mwisho. Maji ya kinu hutoka yote, ndiyo. Lakini joto la injini, alisema, halitoki lote. Sehemu yake haipo tena kama joto, kwa kuwa imegeuka kuwa kazi. Na kinyume chake ni kweli pia: kazi ikitumika kusugua, kukoroga au kubana, hugeuka kuwa joto, tena kwa kiasi kisichobadilika. Kama ni hivyo, basi kuna bei maalum kati ya kazi na joto, kama ilivyo bei ya kubadilisha fedha ya nchi moja kwa nyingine. Joule akaamua kuitafuta bei hiyo.

Mwezi wa Agosti 1843, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Cork, nchini Ireland, alitoa jibu lake la kwanza, alilolipata kwa mtambo wa sumaku na umeme. Alisema kwamba joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit ni sawa na kazi ya kuinua ratili 838 kwa futi moja. Wasikilizaji walinyamaza. Kijana wa kiwanda cha bia, asiye na cheo cha chuo chochote, anasema kwamba kaloriki haipo! Hawakumpinga, walimwacha tu.

Yafaa tuseme hapa kwamba hakuwa peke yake duniani. Daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, aliyekuwa amesafiri mpaka Java akiwa daktari wa meli, aliandika mwaka 1842 fikira iliyo karibu sana na hiyo. Naye hakusikilizwa, na hatimaye alipatwa na huzuni kubwa. Baadaye watu waligombana sana juu ya nani alitangulia. Haki ni kuwapa wote wawili heshima: Mayer alitangulia kuandika fikira, Joule aliithibitisha kwa kupima tena na tena.

MAKASIA NDANI YA MAJI

Jaribio lake linalojulikana zaidi lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Alichukua chombo cha maji, akatia ndani yake gurudumu lenye makasia. Gurudumu lilifungwa kwa nyuzi zilizopita juu ya kapi, na mwisho wa nyuzi vilining'inia vizito vya risasi. Vizito viliposhuka, makasia yaliyakoroga maji. Kazi ya vizito ilijulikana: ni uzito mara kimo. Kilichobaki ni kusoma joto la maji.

Hapo ndipo penye ugumu. Katika jaribio lake kamili vizito vilishuka zaidi ya futi 5, vikainuliwa, vikashuka tena, mara 20; na baada ya kazi yote hiyo maji yalipanda kwa nusu tu ya digrii ya Fahrenheit hivi. Pumzi ya mtu, joto la mwili wake, upepo mlangoni, vyote vyaweza kuharibu kipimo kidogo namna hiyo. Joule alifanya kazi yake mahali ambapo hali ya hewa haibadiliki upesi, akatumia vipimajoto vilivyotengenezwa na fundi hodari wa Manchester, John Benjamin Dancer, na akasema kwamba aliweza kusoma sehemu moja katika 200 ya digrii. Wengi hawakuamini kwamba jicho la binadamu laweza kufanya hivyo. Hawakujua malezi ya kiwanda cha bia.

Mwezi wa Juni 1847 alileta habari zake katika mkutano wa Oxford. Mwenyekiti alimwomba asisome karatasi yake yote, aeleze kwa kifupi tu. Pengine mambo yangaliishia hapo kama yalivyoishia Cork. Lakini miongoni mwa waliokuwapo alikuwa William Thomson, profesa wa Glasgow, ambaye hata miaka 23 ilikuwa ndiyo kwanza aikaribie, na ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Thomson alikuwa mfuasi wa Carnot, kwa hiyo maneno ya Joule yalimsumbua; hata hivyo alitambua kwamba mtu huyu hasemi ovyo. Tangu siku ile wawili hao waliandikiana barua, na ubishi wao uliozaa urafiki ukawa na manufaa kwa ulimwengu mzima. Ilimchukua Thomson miaka kadhaa kukubali, na mwaka 1851 alikubali kabisa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1847 Joule alimwoa Amelia Grimes, wakaenda kutembea katika milima ya Alpi. Thomson, aliyekuwa huko pia kwa safari yake, alisimulia baadaye kwamba alimkuta bwana arusi njiani akiwa na kipimajoto kirefu, akitaka kupima maji ya maporomoko juu na chini. Kwa hesabu ya Joule maji yanayoanguka lazima yapate joto kidogo chini, maana kazi ya kuanguka hugeuka kuwa joto. Alikwisha kukadiria kwamba maji ya Niagara, yanayoanguka futi 160, yangezidi kwa sehemu moja tu katika tano ya digrii ya Fahrenheit. Wawili hao walijaribu katika maporomoko ya Sallanches, lakini maji yalitawanyika kuwa manyunyu mno, wasipate kipimo cha kuaminika.

Mwaka 1849 kazi yake ilisomwa mbele ya Royal Society ya London, ikachapwa mwaka 1850. Bei ya joto sasa ilikuwa 772 mahali pa 838. Joule alitaka kuongeza neno kwamba msuguano wenyewe ni kugeuka kwa kazi kuwa joto. Waliopewa karatasi kuikagua walitaka neno hilo liondolewe, likaondolewa. Tarakimu walizikubali, maana yake waliiogopa. Hata hivyo mwaka ule ule wa 1850 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanachama wa chama hicho kikubwa.

HEWA INAYOPITA

Sasa tumefika kwenye jambo tulilolitaka. Katika jaribio la makasia, maji yamefungwa chomboni. Hakuna maji yanayoingia wala yanayotoka, na daftari lina kurasa mbili tu: kazi iliyotumika na joto lililopatikana. Lakini sehemu kubwa ya mitambo ya dunia haiko hivyo. Katika injini ya mvuke mvuke huingia na kutoka. Katika kinu maji huja na kwenda. Katika mapafu yetu hewa haikai. Hesabu itatunzwaje pale mali yenyewe inapotembea?

Mwaka 1845 Joule alikuwa amechapa jaribio moja juu ya hewa. Alichukua vyombo viwili vya shaba vilivyounganishwa kwa bomba lenye bilula. Kimoja alikijaza hewa iliyobanwa mara 22 ya kanieneo ya kawaida; kingine alikitoa hewa yote. Akavizamisha vyote majini, akafungua bilula. Hewa ikakimbilia chombo kitupu, na maji ya nje hayakubadilika joto hata kidogo. Akahitimu kwamba hewa ikitanuka bila kusukuma kitu chochote, haipotezi nishati wala haibadiliki joto.

Je, ni kweli kabisa? Thomson aliuliza kama badiliko dogo halikuweza kujificha. Maji na shaba ni vizito kuliko ile hewa kidogo. Hata kama hewa ingalipoa kwa sehemu ya digrii, maji yasingalijua. Joule hakukasirika kwamba jibu lake linatiliwa shaka. Alikubali kulipima upya, naye na Thomson wakaanza mwaka 1852 kazi iliyoendelea kwa miaka kumi.

Njia yao mpya ilikuwa hii. Mahali pa kufungua hewa mara moja, waliifanya ipite mfululizo. Pampu iliibana hewa na kuisukuma katika bomba refu la shaba lililozama majini, ili joto lake liwe moja daima. Mwisho wa bomba palikuwa na kizibo cha pamba au hariri iliyoshindiliwa ndani ya kipande cha mti, maana mti haupitishi joto upesi. Hewa ilipenya polepole katika pamba, ikatoka upande wa pili ikiwa na kanieneo ndogo. Kipimajoto kimoja kilisoma kabla ya kizibo, kingine baada yake. Lau wangalitumia tundu moja jembamba, hewa ingalitoka kwa kasi kama mshale, na sehemu ya nishati yake ingalikuwa mwendo, pamba iliituliza. Na kwa kuwa hewa mpya ilipita saa zote, kizibo na bomba vilikwisha kuzoea joto lake, visiweze tena kulificha badiliko dogo.

Hebu sasa tuandike daftari. Tufikiri fungu la hewa lenye lita 1, lililobanwa mara 4 ya kanieneo ya kawaida, likiwa mlangoni pa kizibo. Haliingii kwa hiari yake. Hewa iliyo nyuma hulisukuma, kama watu walio nyuma katika msongamano wa lango la uwanja wa mpira wanavyomsukuma aliye mbele yao. Kusukuma huko ni kazi, nayo kwa fungu hili ni joule 405 hivi. Hiyo ni mapato. Likitokea upande wa pili limekuwa lita 4 kwa kanieneo ya kawaida, nalo lazima liisukume hewa iliyo mbele yake ili lipate nafasi. Kazi hiyo pia ni joule 405 hivi. Hayo ni matumizi. Mapato na matumizi ya mlangoni yamelingana, na kama hewa ingekuwa kama vitabu vilivyodhani, yaani chembe zisizovutana kabisa, joto lake lisingebadilika hata chembe.

Lakini kipimajoto kilisema vingine. Hewa ilitoka imepoa kidogo, karibu robo ya digrii ya sentigredi kwa kila upungufu wa kanieneo moja ya kawaida. Kaboni dioksidi ilipoa zaidi, mara kadhaa kuliko hewa. Ajabu ni kwamba hidrojeni haikupoa, bali ilipata joto kidogo.

Sababu yake ni nini? Chembe za hewa huvutana kidogo. Zikitenganishwa, lazima kazi ifanyike kushinda mvuto huo, na kwa kuwa hakuna atokaye nje kuilipa kazi hiyo, chembe huilipa wenyewe kutoka katika mwendo wao. Mwendo ukipungua, joto hushuka. Katika hidrojeni, kwa joto la kawaida la chumba, mvuto ni mdogo mno, na kusukumana kwa chembe hushinda, ndiyo maana ilipata joto. Basi ule utulivu wa mwaka 1845 ulikuwa karibu kweli, lakini si kweli kamili, na mtu wa kwanza kusaidia kuonyesha hivyo alikuwa Joule mwenyewe.

Mwone wanafunzi ukubwa wa jambo hili. Kanuni kwamba nishati haipotei haikuvunjika kitu kilipoanza kupita. Ilitaka tu daftari lenye safu zaidi. Kwa kila kitu kinachoingia au kutoka tuandike nishati iliyomo ndani yake, tuandike kazi ya kukisukuma mlangoni, tuandike nishati ya mwendo wake na ya kimo chake. Kisha tuongeze joto na kazi zinazopita ukutani bila kuchukuliwa na kitu hicho. Jumla ya yaliyoingia, ukiondoa jumla ya yaliyotoka, ni sawa na kile kilichozidi ndani. Mambo mawili ya kwanza, nishati ya ndani na kazi ya mlangoni, huenda pamoja siku zote, kwa hiyo wataalamu wa karne ya 20 wakayapa jina moja: entalpi. Mwanafunzi anayesahau kazi ya mlangoni atapata jibu la uongo kila mara, hata kama tarakimu zake nyingine zote ni sahihi.

HUZUNI NA MATUNDA

Kazi hiyo haikufanywa katika siku za raha. Mwaka 1854 mkewe Amelia alifariki, na mtoto wao mchanga pia, akaachwa na watoto wawili wadogo. Mwaka huo huo kiwanda cha bia kiliuzwa. Joule, aliyekuwa mnyamavu siku zote, akawa mnyamavu zaidi. Lakini barua za Thomson ziliendelea kuja, pampu iliendelea kuzunguka, na taarifa za majaribio yao zikaendelea kuchapwa mpaka mwaka 1862.

Matunda yake yalionekana baadaye. Ikiwa hewa hupoa kidogo ikipita mahali pembamba, basi hewa iliyopoa yaweza kutumika kuipoza hewa inayokuja nyuma yake, nayo ikipita hupoa zaidi, na hivyo hivyo mpaka igeuke kuwa majimaji. Mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde alifanya hivyo kwa mtambo wake, na kwa kuchemsha hewa hiyo ya majimaji oksijeni hutengwa, ile itumikayo hospitalini na katika karakana za kuchomelea vyuma. Mwaka 1898 James Dewar aliigeuza hidrojeni kuwa majimaji, lakini ilimpasa kwanza aipoze sana kwa njia nyingine, kwa sababu Joule na Thomson walikwisha kuonya kwamba katika joto la kawaida haipoi. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes alifanya vivyo hivyo kwa heliamu. Na katika jokofu la nyumbani kuna kibomba chembamba ambamo majimaji ya kupozea husukumwa mpaka upande wenye kanieneo ndogo. Humo sehemu yake hugeuka mvuke na kupoa sana. Ubaridi huo hutoka zaidi katika kugeuka mvuke, lakini hesabu ya kibomba hicho ni ile ile ya kizibo cha pamba. Mhandisi wa mitambo ya mvuke, wa injini za ndege au wa mabwawa ya umeme hutumia daftari hilo hilo kila siku.

Heshima nazo zilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Royal Society ilimpa nishani mwaka 1852, na nishani yake kubwa kuliko zote, ya Copley, mwaka 1870. Mali yake ilikuwa imepungua kwa kulipia majaribio, na mwaka 1878 serikali ya Uingereza ilimpa malipo ya paundi 200 kwa mwaka. Mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 59, alitoa kipimo chake cha mwisho cha bei ya joto: 772.55. Kipimo cha siku hizi ni karibu 778. Tofauti haifiki hata moja katika mia, na kazi yote ilifanywa kwa nyuzi, vizito, maji na kipimajoto.

James Prescott Joule alifariki tarehe 11 Oktoba 1889 katika mji wa Sale, akiwa na umri wa miaka 70. Wiki chache kabla ya hapo mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris ulikuwa umekubali jina lake liwe kipimo cha nishati. Sanamu yake ipo katika jumba la mji wa Manchester, ikikabiliana na ile ya mwalimu wake Dalton. Juu ya jiwe la kaburi lake iliandikwa ile tarakimu, 772.55.

Basi, ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kuondoka shuleni mkashika kazi za dunia, mtu huyu hakuwa na afya nzuri, hakuwa na cheo, wala hakuwa na ulimi wa kuvuta watu. Alikuwa na uaminifu katika kipimo. Wakubwa waliponyamaza alipima tena. Rafiki alipotia shaka alipima tena. Na kipimo kipya kilipopingana na jibu lake la zamani, alikiandika kilivyo. Atakayeleta kwenu mtambo unaotoa nguvu bila kula kitu, msibishane naye kwa maneno. Mwombeni daftari, mkahesabu yanayoingia na yanayotoka mlangoni.